Kama Ujuavyo

Umeme ulikatika nikiwa ukurasa wa pili. Nikaendelea kusoma kwa tochi ya simu. Tulikuwa uani, Ngamiani, Tanga, mimi kwenye kigoda, shangazi mkekani na ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe. Kazi hiyo haihitaji taa, na sidhani kama inahitaji hata macho.

Sikuwa na nia ya kumsomea. Yeye ndiye aliyeanza: "Kila usiku wewe na daftari. Unaandika nini humo? Hebu soma nisikie." Nikasafisha koo nianze, akanikatiza.

"Hujanambia paukwa."

"Paukwa," nikasema, kwa aibu ya mtu mzima.

"Pakawa."

Basi nikaanza. Walinzi wawili wamesimama juu ya ukuta wa mji wa Zumbara. Ni usiku, kusi inavuma. Mmoja anamgeukia mwenzake na kumwambia: "Kama ujuavyo, ndugu yangu, mji wetu una malango saba, yaliyojengwa na Mfalme Barawi wa Tatu baada ya Vita vya Chumvi, na kila lango lina..."

Vidole vya shangazi vikasimama.

"Huyo anayeambiwa, mgeni?"

"Hapana, shangazi. Wamekua pamoja. Wameingia jando siku moja."

"Malango anayajua?"

"Anayajua."

"Sasa mbona anamwambia?"

Vidole vikaendelea na mawe yao. Nikasoma mpaka mwisho wa sura, naye akanisifu kwa adabu, akasema ina maneno mazuri. Ndivyo anavyousifu wali wa jirani ukiungua.

Zimepita wiki sita. Swali lile nimekwenda nalo kazini, nimelala nalo, nimeoga nalo.

## Kurasa mia na nne

Mchana naweka hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, misumari ya kupima kwa kilo. Usiku najenga mji usiohitaji hata mfuko mmoja. Daftari langu la Zumbara limefika kurasa 104. Lina wafalme kumi na tisa kwa mpangilio wa kurithiana, kalenda ya miezi kumi na mitatu, bei ya chumvi katika kila bandari, na ramani niliyoichora nyuma ya stakabadhi zilizoharibika. (Bosi, kama unasoma, zilikuwa zimeharibika kweli.)

Ugonjwa huu niliuambukizwa na riwaya za fantasia za wenzetu, sikatai. Tolkien, ambaye wengi husahau kwamba alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alikuwa profesa wa lugha kule Oxford. Alianza kwa kubuni lugha, kisha ndipo akatafuta watu wa kuzisema na dunia ya kuwaweka. Riwaya yake kubwa ya pete ilitoka mwaka 1954 na 1955, na hata baada ya kufa kwake mwaka 1973 mwanawe alikuta habari za kale za dunia ile zimejaa, akazipanga, zikachapwa mwaka 1977. Niliposoma hayo nikaona nimepewa ruhusa. Kama profesa alijaza makaratasi maisha yake yote, mimi kurasa mia ni nini?

Nilichokosa kukiona ni mlango aliouacha wazi. Dunia yote ile pana anaiingia kupitia watu wafupi wa kijijini, wapenda chakula, ambao nje ya vilima vyao hawajui kitu. Wao wanauliza, wanajibiwa, na sisi tunasikia humo humo. George R. R. Martin, tangu kitabu chake cha mwaka 1996, anafanya kinyume: kila sura ina jina la mhusika juu yake, na kwa kurasa hizo unajua anachokijua yeye tu, hata kama kamwe hajui kwamba nyuma ya pazia kuna mtu. N. K. Jemisin, aliyechukua tuzo ya Hugo miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, ana sura zinazomwita mhusika "wewe", na unajikuta umevishwa maisha ya mtu mwingine kabla hujauliza nchi hiyo iko wapi.

Kila mmoja ana njia yake ya kuamua nani anajua nini, na nani anamwambia nani.

Mimi nilichukua daftari, nikaacha hilo.

## Palipokuwa na sinema

Wiki ya kwanza nilijiona nimepata jibu. Shangazi yuko sahihi, mwenyeji haelezi. Sisi wenyewe tukipita Ngamiani hatuambiani kwamba barabara zake zina namba. Tunataja namba, tunaendelea na mazungumzo. Nikafuta maelezo yote. Mfalme Barawi nje. Vita vya Chumvi nje. Walinzi wangu sasa wakawa hivi:

"Leo zamu ya Majivuni?"

"Majivuni."

"Basi beba kitambaa cha pua."

Nilijipongeza usiku ule, nikaenda hadi kwa muuza kahawa nikanywa vikombe vitatu na kashata. Asubuhi nikamtumia sura hiyo binamu yangu aliye Dodoma. Akanijibu kwa sauti, huku nyuma mtoto analia: "Kaka, nimesoma mara mbili. Majivuni ni mtu au mahali?"

Siku mbili baadaye lori la nondo likapotea mjini. Dereva, mtu wa bara, hajawahi kufika Tanga. Akapiga simu dukani, nikamwelekeza kama ninavyomwelekeza kila mtu: nyoosha, ukifika pale palipokuwa na sinema kata kushoto, halafu utauona mwembe, yaani mwembe wenyewe umekatwa, lakini kituo bado kinaitwa hivyo.

Kukawa kimya. Kisha akasema, bila hasira:

"Kaka, mimi naona kilichopo. Kilichokuwapo sikioni."

Nikatoka nikamfuata kwa baiskeli. Lakini sentensi yake niliiandika nyuma ya hati ya mzigo, na ndiyo iliyoniharibia jibu langu zuri. Mwenyeji haelezi, sawa. Ila msomaji ni dereva wa lori. Ana tani kumi mgongoni, jua linawaka, na mimi namtajia mwembe uliokatwa.

## Samaki wa jarife

Jumapili moja nilishuka Deep Sea kununua samaki, nikakaa na mvuvi mmoja mzee anayeshona wavu. Nikamuuliza kuhusu silikanti. Wasomaji wangu wa Tanga mnaijua habari hii, nitapita haraka: samaki ambaye wataalamu walikuwa wakimjua kwenye mawe tu, wakaamini ametoweka pamoja na dinosauri, mpaka mwaka 1938 akavuliwa mzima Afrika Kusini. Mapezi yake yana vikonyo kama viguu. Miaka ya 2000 akaanza kunaswa huku kwetu kwenye majarife ya papa yanayotegwa chini sana, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Nilitaka kusikia alivyoshtuka siku ya kwanza. Nilikuwa na kalamu tayari.

Mzee akanyosha uzi kwa meno. Akasema samaki yule ni mzito, anapiga mkia, anakuharibia wavu. Halafu nyama yake mafuta matupu. Akanionyesha kwa dole gumba upana wa tundu alilowahi kuachiwa, na idadi ya siku alizokaa pwani akilishona.

Basi. Mnyama anayewaleta watu na kamera kutoka ng'ambo, kwake yeye ni siku nne za kushona.

Nilirudi nyumbani nikatafuta neno "ajabu" katika sura zangu tatu za mwanzo. Yalikuwamo thelathini na moja. Ukuta wa ajabu, bahari ya ajabu, nyota za ajabu. Anayeshangaa ni nani? Hakuna mtu wa Zumbara anayeishangaa Zumbara. Nilikuwa nashangaa mimi, kwa niaba ya watu wenye kazi zao. Nikayatoa yote, na mahali pengine nikaweka hasara: tundu, deni, kitambaa cha pua. Ukurasa ukapata harufu.

Lakini binamu yangu bado hakujua Majivuni ni nini.

## Jini ana wenyewe

Hapa niweke jambo la pembeni ambalo wenzetu wa Ulaya hawalipati, au wanalipata kwa namna nyingine. Fundi wangu wa simu, alipokuwa anajaribu kioo kipya, faili la sura ya nne likafunguka, akasoma. Akatikisa kichwa. "Jini hafanyi hivi."

"Huyu wa kubuni, fundi."

"Wa kubuni mpe jina lake."

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Ukiandika kwa Kiswahili, tena ukiwa mwambao huu, ukitaja jini umetaja kiumbe ambaye nusu ya wasomaji wana habari zake za karibu, zenye sharti na miiko. Huwezi kumpangia tabia mpya kama unavyompangia mhusika. Faida yake, ukimtumia kama alivyo, neno moja linabeba kurasa kumi na huelezi kitu. Mimi kiumbe wangu nimempa jina lake. Jini nimemwacha kwa wenyewe.

## Bure

Jibu lilinijia kupitia shangazi tena, na yeye mwenyewe hajui. Alikuwa anawasimulia wajukuu habari za Liyongo. Nilikuwa napita kuelekea bafuni na ndoo mkononi. Nikasimama.

Hadithi yenyewe mnayo. Shujaa hadhuriki kwa mkuki wala mshale; kinachomuua ni sindano ya shaba, ya kitovu. Kijumwa, mshairi wa Lamu, aliuandika utenzi wake mwaka 1913, lakini shangazi anaisimulia kama aliyoipata kwa bibi yake, na anapofika kwenye mama kuficha tupa ndani ya mkate wa pumba ili walinzi waudharau na kumpelekea mfungwa, hushusha sauti kana kwamba walinzi wako barabarani.

Brandon Sanderson, yule aliyemalizia mfululizo wa fantasia wa marehemu Robert Jordan, ana kanuni inayosema kwamba mwandishi anaweza kutatua tatizo kwa uchawi kadiri tu msomaji anavyouelewa uchawi huo. Kanuni hiyo ninayo ukutani miaka mitatu. Nilikuwa nimeielewa hivi: eleza mapema. Ndiyo maana mlinzi wangu anaeleza ukurasa wa kwanza kabisa.

Sasa angalia sindano ya shaba inavyoingia. Hakuna msimulizi anayetukalisha chini kutufundisha. Mtoto wa Liyongo, amekwisha hongwa, anamuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anatambua kwamba mwanawe ametumwa. Anajua. Na anamwambia.

Ndoo ilikuwa inavuja kwenye ndala zangu.

Yale ni maelezo. Ni sheria ya ulimwengu ule, imetajwa wazi, sentensi moja, bila kuzungukazunguka. Lakini anayeieleza anaifia.

Nilikwenda kumchukua Shaaban Robert kabatini, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ananisumbua kwa upande wa pili. Kazaliwa Vibambani hapa hapa kwetu mwaka 1909, na *Kusadikika* yake ya mwaka 1951 inavunja kila nilichojifunza kwa mvuvi. Nchi iko angani, inaelea, na ndani ya kitabu watu wanaeleza, wanaeleza, wanaeleza. Wajumbe sita wametumwa pande sita, nne za dunia, mbinguni na ardhini, na safari za wote zinasimuliwa. Kwa kanuni ya "mwenyeji haelezi" kitabu kile kingetakiwa kife ukurasa wa kumi. Hakifi.

(Tolkien katika mhadhara wake wa mwaka 1939 alihangaika kueleza namna msomaji anavyoiamini dunia ya kubuni. Mtu wa Vibambani aliichukua hoja hiyo hiyo akaifanya jina la nchi. Sisi huwa tunalisoma jina hilo kama vile ni Korogwe tu.)

Hakifi kwa sababu anayesimulia ni Karama, na Karama yuko kizimbani. Mshitaki wake, Majivuno, yuko mbele yake. Kila safari anayoieleza ni utetezi. Akieleza vibaya, roho yake imekwenda. Unajifunza jiografia ya Kusadikika huku unamwangalia mtu asikosee neno.

Mlinzi wangu juu ya ukuta anaeleza bure.

Hilo ndilo shangazi alilolisikia gizani kwa sikio la mtu aliyesimulia miaka hamsini. Kosa halikuwa urefu wa maelezo wala wingi wa wafalme. Mtu anatoa habari za mji wake, na hazimgharimu hata kikombe cha kahawa.

## Matundu

Nilibaki na swali la daftari. Kurasa 104 ni nyingi kuzitupa.

Nikapanda daladala ya njia ya Pangani nikashuka Tongoni. Sikwenda kutafuta jibu, nilikwenda kwa sababu ilikuwa sikukuu na nyumbani kuna kelele. Magofu yako vilevile: msikiti wa mawe ya matumbawe, makaburi ya nguzo ya karne ya 15, mengine yameanguka, na nyuma yake mikoko. Kwenye makaburi kuna vishimo vya duara ndani ya chokaa, vilivyochongwa kwa uangalifu. Humo ndimo zilimokuwa zimepachikwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Bakuli zimekwenda.

Niliingiza ngumi yangu katika kishimo kimoja. Ilienea.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nikawaza bakuli lilikuwa rangi gani, nani alilishika mara ya mwisho, na alilipeleka wapi. Kishimo hakikunieleza neno. Lakini kisingekuwa na umbo lile kama bakuli halikuwapo kweli. Angekichonga mtu kwa kubahatisha, ngumi yangu ingejua.

Daftari silitupi. Naendelea kufinyanga bakuli. Kitabuni nitaacha vishimo.

## Mara ya pili

Juzi umeme ulikatika tena. Shangazi, ungo, mkeka. Safari hii nilianza mwenyewe na paukwa, naye akanijibu yote, kwa kuimba, kama alivyotufundisha: "Pakawa. Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kaka, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta, na vilango vya kupitia."

Sijui ni mara ngapi nimelisikia hilo maishani. Kaa mdogo anajenga. Kikuta. Vilango.

Nikasoma.

Magharibi, kijana anafika ukutani na furushi. Anasema ni mzaliwa wa Zumbara, aliondoka mdogo na jahazi, amerudi. Mlinzi mmoja anampa maji. Anamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani tu, siku ile aliondokea lango lipi. Kijana anaogopa. Na kwa kuwa anaogopa, anayataja yote saba, kwa mpangilio, na mfalme aliyeyajenga, na vita vilivyomfanya ayajenge. Ni aya yangu ya kwanza ile ile, karibu neno kwa neno. Sikuongeza kitu. Anapofika kwenye "Lango la Barawi", mlinzi wa pili anarudi nyuma hatua mbili na kulisukuma komeo polepole, kwa sababu Zumbara nzima hakuna aliye hai anayeliita hivyo. Humwagwa majivu pale. Panaitwa Majivuni.

Vidole vya shangazi vilikuwa vimesimama. Sikujua vilisimama lini.

"Wamekwisha mjua," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Mtoto wa watu." Akanyamaza. Mbwa alibweka upande wa Makorora. "Mama yake yuko wapi?"

Nilimulika daftari kwa simu, nikalipekua mbele na nyuma. Wafalme kumi na tisa, majemadari, manahodha, farasi wawili wenye majina. Mama hakuna hata mmoja.

Shangazi akauvuta ungo karibu.

"Fikiri tu, baba. Mchele bado mwingi."